Nani Arithi Taipureta ya Mwalimu?

Ninyi wa nyuma, sogeeni, sina koo la kuazima. Hadithi yangu ina mlango wa kuingilia. Wa kutokea sina, huo mtautafuta wenyewe. Mnaikubali? Haya, mmekubali. Aliyekataa amalizie chai yake kimya.

Mnaiona taipureta ile pale mezani, iliyofunikwa kitenge? Leo tunaanua matanga ya Mwalimu Mrindoko. Jembe lake limepata mwenyewe, koti limepata mwenyewe, hata fimbo imeshachukuliwa. Imebaki ile. Mwalimu alimwachia mwanawe Tumsifu neno kwamba taipureta apewe mmoja kati ya watu watatu, na kwamba mimi Naetwe, niliyekuwa nikishika ufunguo wa chumba cha kompyuta, nitamke ni nani. Nimekaa na jambo hili tangu tulipomzika, na limenishinda. Sasa nawatupia ninyi, na kabla watu hawajatawanyika nataka jibu. Wenyewe watatu wamekaa pale chini ya turubai, na nimewakataza kufungua mdomo.

Wa kwanza ni Nakundwa. Huyu alijaliwa subira ya mkono. Ni fundi cherehani, na ukiukuta mshono umepinda ujue nguo hiyo hakuishona yeye. Akikosea kidogo hufumua upindo mzima na kuanza upya, mteja asubiri asisubiri. Tulimnunia sana kwa ajili hiyo, na bado tulimpelekea vitambaa.

Wa pili ni Mashambo. Huyu alijaliwa pua ya vilivyopotea. Mbuzi asiporudi zizini, watu hawakwenda kwa mwenyekiti, walikwenda kwa Mashambo. Naye hakukimbia huku na huko akiita. Alikaa juu ya jiwe akajiuliza, "Ningekuwa mbuzi mwenye akili, ningejificha wapi?" Kisha aliinuka, akaenda moja kwa moja, akarudi na mbuzi.

Wa tatu ni Mwinjuma. Huyu alijaliwa mapokezi. Iwe hitima, iwe kipaimara, iwe harusi ya mtu asiyemfahamu vizuri, mlangoni ulimkuta Mwinjuma amevaa shati jeupe. Alijua nani aingie mbele, nani akalishwe pembeni na kikombe chake, na nani asiachwe asimame mlangoni hata kidogo, maana akishikwa na maneno hapiti mtu.

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Msinicheke mkiona nawasifu, ni kweli tupu.

Sasa, ninyi wadogo hamkukikuta chumba chetu, na nawaonea huruma. Kilikuwa ghala la kahawa la ushirika, na hata baada ya kupakwa chokaa kiliendelea kunukia kahawa mvua ikinyesha. Kompyuta zilikuwa zile zenye chogo, nzito kama ndama. Kila moja Nakundwa aliishonea kitambaa cha kudarizi cha kuifunika, kwa sababu kitu cha thamani hakikai uchi. Na viatu vilivuliwa nje. Milima yetu ya Upare mnaijua baridi yake. Tulijifunza kompyuta huku vidole vya miguu vimekufa ganzi juu ya saruji, na hakuna aliyelalamika. Mpaka leo nikiona kompyuta mpya miguu yangu inatafuta pa kuacha kandambili.

Mashine zile zililetwa na gari la wahisani. Fundi aliyekuja nazo alituambia zinatumia Linux, mfumo wa kuendeshea mashine, akatuonyesha kuwasha na kuzima, na akatufunza amri chache za kuandika kwenye dirisha jeusi. Akala wali wetu, akasifu pilipili, akashuka na gari lilelile. Basi. Hatukuwa na wa kumuuliza tena. Tulijifunza Linux kama bibi harusi anavyojifunza nyumba ya ukweni, kwa kugusa kitu na kusikiliza nani atakohoa.

Na Mwalimu Mrindoko? Huyo alitufundisha sote, wazazi wenu na baadhi ya babu zenu. Taipureta ile ilikuwa yake, lakini ilikuwa ya kila mtu. Mitihani ilipigwa pale. Barua ya posa ya baba yako, wewe uliyevaa kofia, ilipigwa pale, na Mwalimu aliirekebisha sarufi bila kuombwa. Ukipita kwake jioni ulisikia ta-ta-ta-ta, kisha kengele yake ndogo, kisha ta-ta-ta tena, ukajua mji umetulia. Alikuwa akiandika hadithi alizotusimulia darasani, za fisi na sungura na yule mzee mchoyo wa ndizi, ili ziwe kitabu.

Kisha presha ya macho ikamchukulia nuru. Haikumchukulia vidole. Aliendelea kupiga taipu gizani, herufi kwa herufi, bila kupapasa. Siku moja nilimpelekea maziwa nikamkuta uso umemng'aa. "Naetwe," akasema, "leo nimeandika hadithi nzima. Nisomee mwanzo, nione imekaaje." Nikazichukua karatasi. Zilikuwa nyeupe. Wino wa utepe ulikuwa umekwisha, na yeye asingeweza kujua.

Nilisimama pale na maziwa yangu. Mngesema nini ninyi? Nilimwambia, "Mwalimu, karatasi hazina kitu." Akazipokea, akazipanga vizuri, kingo kwa kingo, akaziweka chini ya taipureta. Tangu siku ile hatukusikia tena ta-ta-ta.

Habari zikamfikia Tumsifu huko Arusha. Akaja, mtoto mwema, akasema mzee hawezi kukaa peke yake tena, atamchukua. Mwalimu akakataa. Hapa ndipo nyumba yake, hapa kalala mkewe, hapa anajua ni hatua zipi za kumfikisha kisimani. Tumsifu akasema, "Baba, kusoma huwezi, kuandika huwezi. Utaishi na nini?" Mzee akajibu kwa sauti ile ya darasani, "Nipe mpaka Pasaka. Ukija utaandika neno kwenye kompyuta, uizime, utoke. Mimi nitaingia peke yangu, bila mkono wa mtu, nilisome na nikujibu. Nikishindwa nitafunga mizigo mwenyewe." Wakapeana mikono juu ya hilo.

Mnaelewa kilichowekwa rehani hapo? Ilikuwa ni Mwalimu kufia kwake au kufia kwenye kochi la watu.

Akaja chumbani kwetu, akavua viatu, akapapasa kiti akaketi. "Nimesikia mashine hizi zinaweza kusema," akatuambia. "Nataka moja iseme nami. Lakini nataka ianze yenyewe pale ninapoingia. Mkianza kuja kuniwashia, mtakuwa mmenipeleka Arusha ya hapahapa." Kisha akaongeza, "Atakayeniwezesha, taipureta yangu ni yake."

Lo! Hakuna aliyekuwa hapo ambaye hakuwahi kuitamani taipureta ile tangu utotoni.

Jambo lenyewe mliweke sawa vichwani. Mwalimu aliweza kuandika jina lake na neno lake la siri bila kuona, vidole vilijua. Ila baada ya kuingia, ilibidi mtu aandike amri ndefu ya kuiambia kompyuta isome. Alijaribu kuiandika mwenyewe. Akikosea herufi moja, kimya. Na kimya kina mama wengi: labda amekosea, labda spika imezimwa, labda umeme umekatika na anachapa juu ya mashine iliyokufa. Alikaa anasubiri sauti huku sote tunaona kosa lake kwenye kioo. Nilitoka nje nikajifanya naangalia mvua.

Nakundwa akaifuata sauti. Ndani ya mashine kulikuwa na programu ya kusema, lakini ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeteremka jana kwenye ndege. Alichokonoa mpaka akaupata mdomo wake wa Kiswahili. Kisha akaanza kuandika amri moja baada ya nyingine ndani ya faili alilolipa jina "soma". Kwanza msalimie Mwalimu. Kisha soma mstari wa mwisho wa ukurasa wake. Kisha kaa macho, na kila mstari mpya ukiandikwa, usome. Mashine ikakataa. Ikasema hana ruhusa. Kumbe Linux haiendeshi faili hivihivi, lazima kwanza ulipatie kibali cha kufanya kazi, na amri ya kibali hicho ni chmod. Akalipatia. Ikasoma neno moja ikakwama. Akafumua. Ikasoma mstari mara mbili. Akafumua. Wateja wake wa sare za shule walikuja kumgombeza hadi chumbani, wakavua viatu kwanza, wakagomba, wakavaa, wakaondoka. Siku ile mashine iliposema "Karibu, Mwalimu" kwa Kiswahili kinachoeleweka, mzee alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Sauti ikawa imepatikana. Wa kuiamsha hakuwepo, maana bado ilibidi mtu aandike neno "soma" kwenye dirisha jeusi.

Hapo sote tukawa mafundi. Tukashauriana, tukaiweka amri ile kwenye faili moja ambalo Linux hulisoma kila dirisha jeusi linapofunguliwa. Tukafungua dirisha, sauti hiyo, tukapiga makofi. Mwalimu akafungua dirisha la pili ili aandike. Ikaanza sauti ya pili juu ya ile ya kwanza, zikawa zinasoma mstari uleule, moja nyuma ya nyingine kidogo. Akafungua la tatu kujaribu. Mzee akatega sikio, akasema, "Jamani, mimi nilioa mke mmoja. Hawa wengine mmenitolea wapi?"

Mashambo ndiye hakucheka. Aliuliza, "Kuna mtu humu amewahi kutoka kwenye hii kompyuta, kisha akaingia tena?" Tukatazamana. Hakuna. Kwetu somo likiisha tulifunika kitambaa na mimi nikazima umeme ukutani. Akija mwingine kesho tunawasha, mimi naandika jina na neno la siri la chumba, wao wanaendelea. Ukimtoa Mwalimu na jina lake, mlango wa kuingilia ulikuwa wangu peke yangu, na mimi mawazo yangu yalikuwa kwenye ufunguo. Tulikuwa tukijaribu jambo la kuingia bila mtu yeyote kuingia!

Mashambo akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. "Ningekuwa faili linalosomwa mara moja tu, mtu anapoingia," akasema, "ningejificha wapi?" Tukamwacha. Siku nyingine akaja tena akakaa palepale. Akafungua folda ya nyumbani ya Mwalimu, akaona mafaili mawili matatu, akatikisa kichwa. "Haiwezekani nyumba ikawa na vitu vichache hivi." Akaomba mashine ionyeshe vyote, pamoja na visivyoonekana, kwa kuongeza herufi a kwenye amri ya ls, ile ya kuorodhesha mafaili. Wacha wewe! Yakatokea mafaili tele ambayo hatukuwahi kuyaona, yote majina yameanza na nukta. Nukta hiyo ndiyo kichaka chao. Akayapitia moja moja mpaka akalifikia linaloitwa nukta profile, ambalo Linux hulisoma mara moja mtu anapoingia, na hailisomi tena mpaka atoke na kuingia upya. Akaifuta amri yetu ya mwanzo kule tulikoiweka, akaenda mwisho wa faili hili, akaandika mstari mmoja wa kuita "soma". Akatoka kwenye kompyuta, akamwambia Mwalimu, "Ingia."

Mwalimu akaandika jina, akaandika neno la siri. Sauti ikaanza yenyewe, moja tu, haijaguswa na mtu: "Karibu, Mwalimu." Chumba kililipuka. Wengine walikumbatiana na watu waliokuwa wamegombana nao. Hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu, na Tumsifu alikuwa tayari njiani.

Makofi yalipoisha tukaona kioo bado cheusi. Mwalimu akabonyeza vitufe vya kufungua dirisha. Hakuna. Akabonyeza tena. Sauti ilikuwa imesalimu, imesoma mstari, na sasa inakaa macho kusubiri mstari mpya kama ilivyoagizwa, na Linux nayo inaisubiri imalize ndipo imruhusu Mwalimu aingie. Sauti inamsubiri Mwalimu aandike, Mwalimu anaisubiri sauti imalize. Mzee amekaa mbele ya mashine inayomkaribisha na kumzuia.

Ugomvi ukaanza. Nakundwa akasema faili lake halina kosa, mahali ndipo pabovu. Mashambo akasema mahali ni pazuri, sauti ndiyo haijui kunyamaza. Mwalimu alikuwa akizipapasa pindo za koti lake. Nadhani alikuwa ameshaanza kufunga mizigo moyoni.

Mwinjuma alikuwa amesimama karibu na mlango, kama kawaida yake. "Ninyi," akasema, "hamjawahi kuona mgeni wa hivi? Amekuja na salamu nzuri, hana kosa. Amefika mlango sahihi, hana kosa. Ila amesimama kizingitini anasimulia, na nyuma yake watu wamejaa hawapiti. Mtu huyo humfukuzi. Unamshika mkono, unamkalisha pembeni, aendelee na maneno yake hapo, wengine wapite." Tukamuuliza anamkalishaje mgeni ndani ya kompyuta. Akasema, "Yule fundi alitufunza siku ya kwanza, ninyi mlikuwa mnatazama wali." Nikaingia kwa jina langu mimi, mshika ufunguo, nikamfungulia faili la Mwalimu. Mwinjuma akaenda mwisho wa ule mstari wa Mashambo, baada ya neno "soma", akabonyeza alama moja, ile inayofanana na mtu aliyekaa amekunja miguu: &. Ndiyo inayoiambia Linux kazi hii iende pembeni, wewe endelea na yako.

Mwalimu akaingia. "Karibu, Mwalimu." Na kioo kikafunguka.

Jumatatu ya Pasaka Tumsifu akaja chumbani, nikamfungulia ukurasa wa baba yake kwa jina langu mimi, akatutoa sote nje. Akaandika neno lake kwenye ukurasa, akazima mashine, akatoka, akatuambia tusisogee. Tulijazana mlangoni pekupeku, mvua ikitunyeshea mgongoni. Mzee akaingia peke yake akipapasa viti. Akawasha. Akasubiri mlio wa kuingia. Akaandika jina, akaandika neno la siri, na mimi nilikuwa nimemshika Nakundwa mkono mpaka akaniambia naumiza.

"Karibu, Mwalimu," ikasema mashine. Kisha ikasoma alichoandika mwanawe: "Baba, unaogopa nini Arusha?"

Mwalimu akafungua dirisha, na vidole vikaanza kwenda, haraka, vilevile vya zamani. Akamaliza, na sauti ikasoma kwa chumba kizima na kwetu sisi mlangoni: "Siogopi Arusha. Naogopa kukaa mahali nisipojua mlango uko wapi."

Tumsifu aliingia na viatu vyake, na siku hiyo sikumgombeza. Alipiga magoti pale kwenye saruji akamkumbatia baba yake kiunoni. Alirudi Arusha peke yake.

Sasa ndipo kazi yenu inapoanza. Mwalimu akasema, "Haya, taipureta ni ya nani?" Na wale watatu, waliokuwa wakilia kwa furaha, wakakaziana macho.

Nakundwa akasema, "Mwalimu, ulichokuwa huna ni sauti. Hawa waliweka kitu mahali. Kitu chenyewe nilikitengeneza mimi. Ondoa kazi yangu, wamebaki na mahali patupu na alama isiyo na neno."

Mashambo akasema, "Dada, sauti yako ulikuwa nayo wiki ngapi? Na Mwalimu alikuwa amekaa hapo hapo kimya. Yeye hakuomba mashine iseme, aliomba ianze yenyewe. Hilo la yenyewe ni langu."

Mwinjuma akasema, "Sauti ilikuwepo, mahali palikuwepo, na Ijumaa Kuu Mwalimu alikuwa nje ya nyumba yake. Nani alimwingiza?"

"Alama moja!" Nakundwa akamaka. "Umebonyeza kitufe kimoja, unataka taipureta nzima?"

"Chumvi unatia kiasi gani kwenye sufuria, dada yangu? Itoe basi, ule."

"Na ungeibonyeza wapi alama yako," Mashambo akadakia, "kama mstari wangu haupo?"

"Na mstari wako ungeita nini," Nakundwa akasema, "kama faili langu halipo?"

Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. "Mnanikumbusha darasa la nne," akasema. "Njooni Pasaka ijayo, nitakuwa nimefikiri."

Pasaka ijayo wakaja. Hakuwa amefikiri. Chai ikanywewa, hoja zikaanza upya, kila mmoja amekuja na mpya aliyoisuka mwaka mzima. Ikawa hivyo kila mwaka. Nakundwa aliolewa Moshi, Mashambo akahamia Same kwa biashara ya asali, Mwinjuma akabaki. Na kila Jumatatu ya Pasaka wote watatu walikuwa sebuleni kwa Mwalimu wakigombana juu ya taipureta, mzee katikati yao anachochea. "Mwinjuma, umesikia alichokuita?" Chumba cha kompyuta kilifungwa, vijana wakapata simu, mimi nikabaki na ufunguo wa mlango usiokuwepo. Ile kompyuta moja Mwalimu aliihamishia kwake, akaandika juu yake hadithi zake kila siku, na jirani walisema mji umetulia tena, ingawa sasa haukulia ta-ta-ta, ulisema. Mimi nina shaka zangu kwamba mzee hakuwahi kukusudia kuamua. Alijua akitoa taipureta, Pasaka wangekuja wangapi? Nimezikumbuka sana Pasaka zile tangu ametutoka, jamani. Nazikumbuka kuliko nilivyodhani mtu anaweza kukumbuka ugomvi.

Basi akafa, kwake, kitandani kwake, kama alivyotaka. Baada ya maziko Tumsifu alikaa mbele ya ile kompyuta, akajaribu jina la mama yake kwenye neno la siri, likakubali. Hakuna aliyegusa kitu kingine. Tulikuwa tumesimama nyuma yake, mimi na hawa watatu.

"Karibu, Mwalimu," mashine ikasema.

Kisha ikasoma mstari wa mwisho aliouandika mzee: "Kesho nianzie hapa, fisi bado hajavuka mto."

Nakundwa alijifunika mdomo kwa khanga, maana sauti ile alikuwa ameishona yeye. Mashambo alikuwa akisema polepole, "Imeanza yenyewe. Imeanza yenyewe." Na Mwinjuma alitazama kioo kilivyofunguka bila kumzuia mtu, na yeye, ambaye misiba yote ya kijiji hiki amewapokea watu akiwa mkavu, alitoka nje akaegemea ukuta.

Niwaambie basi. Msiseme ikatwe vipande vitatu, chuma hakigawanyiki. Msiseme iende makumbusho, hatuna. Na msinipe mimi, nitawakumbusha kila siku. Watatu wale pale. Mmoja aliipa mashine sauti, mmoja akajua pa kuiweka ili iamke bila kuamshwa, mmoja akaikalisha pembeni ili mzee apite. Toa mmoja wao, yeyote, na Mwalimu Mrindoko angezikwa Arusha.

Nitamsogelea nani na ile taipureta? Wewe mwenye kofia, anza wewe. Ungempa nani?